Taa ya nyuma yenye indiketa ndani: je, magari yataniona nikikata kulia?

Swali lenyewe lilikuja hivi: "Shikamoo fundi. Mimi nafanya boda na Boxer 150, steji yangu ni Bamburi lakini kutwa niko njiani, mara Mtwapa mara mjini mara Changamwe. Indiketa zangu za nyuma zavunjika kila siku, nikiingia ferry watu wapita nazo, nikibanwa kwa foleni ya matatu zaenda. Sasa kuna jamaa auza spea kaniambia nizitoe zote mbili niweke ile taa ya LED ya nyuma yenye indiketa ndani yake, kioo cheusi, ati ndo safi na yamulika kushinda za kampuni. Nimeiona ikiwaka dukani, ni kali kweli. Je barabarani magari yataniona nikikata kona ama najidanganya? Mke wangu ndo abiria wangu wa kila asubuhi."

Marahaba mdogo wangu, na umefanya la maana kuuliza kabla hujafunga, manake wengi waniletea pikipiki kazi ishafanywa na zile indiketa za zamani zishatupwa jaani.

Jibu langu ni usizitoe. Hiyo taa waweza kuiweka ukiipenda, ifanye kazi ya taa ya nyuma na ya breki, lakini indiketa za pembeni zibaki pale pale zikiwaka kama kawaida. Sasa ngoja nikueleze kwa nini, kwa sababu nikikukataza tu utaenda kwa fundi mwingine na atakufungia, na mimi sitaki hivyo.

Anza na hapo dukani. Ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwa taa, ndani ya kivuli, jamaa akawasha indiketa peke yake, breki haikushikwa, wala taa ya nyuma haikuwa imewaka, alafu wewe mwenyewe ulikuwa ushajua kwamba unachoangalia ni indiketa. Hakuna dereva hata mmoja wa Mombasa atakayeiona hiyo taa kwa hali hiyo. Dereva atakuwa mita 50 ama 70 nyuma yako, kuna tuktuk kati yenu imejitokeza nusu, jua liko mahali fulani, na muhimu kuliko yote ni kwamba wewe unapotaka kukata kona unashika breki. Kila mtu anayekata kona anashika breki. Kwa hivyo ukiwa wakata kona indiketa yako haitaonekana peke yake hata siku moja, itaonekana ubavuni mwa taa nyekundu inayowaka kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo shida yote ilipo, si kwenye ukali.

Watu wakisikia "taa kali" wadhani ndo usalama. Lakini indiketa kazi yake si kumulika, ni kusema jambo moja tu, kulia ama kushoto. Ili jicho lijue ni kulia au kushoto, linahitaji kuiona hiyo taa iko upande gani wa kitu kingine. Ile ya pembeni ikiwaka, dereva anaona nyekundu katikati na njano imekaa mbali upande wa kulia, kuna giza kati yake, hata asipofikiria anajua. Ile ya ndani anaona nyekundu moja ambayo ukingo wake kama unabadilika rangi kidogo.

Jicho zima la mtu lenye afya, kwa umbali wa mita 100, laweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kama sentimita 3. Kwa hivyo mtu wa kuuza spea atakwambia sentimita 8 kati ya indiketa ya kushoto na ya kulia za taa hiyo zatosha kabisa. Hesabu yake ingekuwa sawa kama tungekuwa tunaongea juu ya mistari ya wino kwenye karatasi nyeupe. Taa haiko hivyo. Taa kali humwagika ndani ya jicho, inatengeneza ukungu wake kuizunguka, na kile kilicho karibu nayo chenye mwanga mdogo kinamezwa. Usiku ndo mbaya zaidi, na kioo cha mbele cha gari kikiwa na chumvi na vumbi, na wajua wenyewe magari yetu ya pwani vioo vyake, ule ukungu unazidi. Pia umri, mzee wa miaka sitini anayeendesha gari lake kutoka Nyali mwanga unamwagika ndani ya jicho lake kuliko wako wewe kijana.

Nilipata kulijua hili kwa njia ambayo sikuipenda. Miaka kadhaa imepita sasa, mteja wangu mmoja alikuja na taa aina hiyo hiyo, ameinunua mwenyewe, akaniambia nimfungie na nitoe zile za pembeni, nikafanya. Kazi ilikuwa safi, waya zimepangwa, nilifurahi nayo. Baada ya wiki chache alikuwa anatoka upande wa Kisauni usiku, anakata kulia aingie mtaani, amewasha indiketa, ameshika breki, probox iliyokuwa nyuma ikaovateki ikamkuta katikati ya barabara. Mguu ulivunjika mahali pawili. Dereva wa probox hakukimbia, alisimama, akawa anarudia neno moja tu, "mi nimeona breki, nikajua anasimama, nikampita." Nami namuamini, kwa sababu pikipiki ililetwa kwangu na nikaiwasha, indiketa ilikuwa yafanya kazi sawasawa. Ile taa haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima na haikuonekana, na ni mimi niliyeifunga.

Fikiria vile barabara zetu zilivyo. Sisi twaendesha kushoto, kwa hivyo mtu akitaka kukupita anakupita kwa kulia. Na wewe ukikata kulia unaingia pale pale ambapo yeye anapita. Ukishika breki bila indiketa kuonekana, kwa dereva wa nyuma hiyo ni lugha ya "napunguza mwendo, nipite," yaani unamkaribisha aje upande ule ule unaoelekea wewe. Ukikata kushoto na usionekane mara nyingi ni kupigiwa honi tu. Kulia ndo yavunja miguu. Barabara ya Malindi kuanzia Bombolulu kwenda hadi Mtwapa ina sehemu nyingi ambazo boda anavuka hivi kuingia mtaani, na wewe ndo hapo unashinda.

Baada ya lile jambo nikachukua ile taa nikaifunga kwenye pikipiki yangu, nikaiweka barabara moja tulivu nyuma ya gereji, nikamwambia kijana wangu ashike breki na awashe indiketa anayotaka bila kuniambia, mimi nikarudi nyuma nikihesabu hatua. Nilipima na rula kwanza, kutoka katikati ya ile njano ya kushoto hadi katikati ya njano ya kulia ilikuwa sentimita 8 na kitu, na kati ya njano na nyekundu hakuna nafasi hata kidogo, zimegusana. Mchana wa saa saba, hatua thelathini nikawa naona kitu kinachezacheza lakini kusema ni upande gani nabahatisha. Hatua sitini naona breki tu. Usiku nilidhani itakuwa afadhali, ikawa vibaya, hatua arobaini tayari ni donge moja jekundu lenye kutetemeka. Alafu tukawasha zile za kawaida za balbu, hizi hizi za watu kudharau, nikarudi hadi mwisho wa barabara na bado najua ni kulia. Fanya na wewe hilo jaribio kabla hujamlipa mtu, umuombe jamaa aiunganishe kwa betri hapo nje, breki iwe inawaka, alafu wewe urudi nyuma hatua sitini. Akikataa ushapata jibu lako.

Wamarekani wana sheria kwa hili, kipimo chao cha pikipiki kinataka indiketa za nyuma ziachane angalau inchi 9 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, yaani karibu sentimita 23. Ya kwangu ilikuwa na 8. Hizi taa nyingi za kuuziwa kama pambo huwezi kufikisha inchi 9 hata ukitaka, kwa sababu taa yenyewe nzima haina upana huo. Indiketa za Boxer yako jinsi zilivyotoka kiwandani utakuta zimeachana vizuri, ndo maana zimewekewa shingo, ile shingo si urembo wala si ushamba, imewekwa kwa sababu hiyo tu.

Sasa rangi. Ulaya indiketa lazima iwe ya njano ile ya machungwa, mbele na nyuma. Marekani wanaruhusu nyekundu pia kwa nyuma, na shirika lao la usalama barabarani, NHTSA, mwaka 2009 lilitoa utafiti juu ya magari likakuta kwamba yale yenye indiketa za nyuma za njano hayagongwi sana kwa nyuma kama yenye nyekundu wakati wa kukata kona au kubadilisha leni, tofauti ni kama asilimia 5. Hiyo ni gari, kitu kipana kuliko pikipiki mara nyingi, taa ya kushoto na ya kulia haziwezi kuchanganywa, na bado rangi ilileta tofauti. Pikipiki ambayo taa zake zote zimebanwa ndani ya kiganja kimoja, sijui niseme nini. Nakwambia haya kwa sababu baadhi ya hizi taa zinazouzwa huku indiketa yake ni nyekundu nyekundu tu, ile ile LED ya breki inayokatikakatika upande mmoja. Ukikutana na hiyo hata usiulize bei. Ukishika breki na kuwasha indiketa, hiyo inazima nusu ya breki yako ndo iweze kupepesa, kwa hivyo dereva wa nyuma hana breki kamili wala indiketa kamili.

Na hicho kioo cheusi. Ndugu yangu, kioo cheusi ni sawa na kuvaa miwani ya jua usiku, tena unamvisha mwenzako. Kila mwanga unaotoka ndani unapungua kabla haujafika nje. Mchana ndo balaa, kwa sababu ile njano ya LED ndogo tayari inashindana na jua la pwani ambalo halina mchezo. Asubuhi ukitoka Nyali unavuka daraja kuingia kisiwani jua liko mgongoni mwako, linapiga moja kwa moja kwenye kioo cha taa yako ya nyuma, hata taa ikiwa imezima inaonekana kama imewaka, na ikiwaka hakuna tofauti kubwa. Jioni ukielekea Changamwe kupitia Makupa ni kinyume, jua limemwingia dereva wa nyuma machoni, yeye anakuona wewe kama kivuli cheusi tu barabarani, na ndani ya kile kivuli aisome taa ya sentimita 8 yenye kioo cheusi. Zile za pembeni angalau zinatokeza nje ya kivuli.

Hapo nikukumbushe mkeo. Umesema yeye ndo abiria wako wa kila asubuhi. Akiwa amevaa buibui au dera, au ana leso begani, kikishuka nyuma kidogo kinafunika taa ya katikati yote, na wewe mbele hujui. Nishaona hili mara nyingi sana pale Lights na Kongowea, boda amebeba mama, nguo imelala juu ya taa, breki haionekani, hakuna kitu. Indiketa za pembeni kwa sababu zimetoka nje hubaki zinaonekana. Vile vile ukibeba mzigo kwa keria, gunia la mkaa, kreti, mtungi wa gesi, jerikani, chochote, taa ya katikati ndo ya kwanza kufunikwa. Ukiweka kila kitu ndani ya taa moja basi nguo moja tu yatosha kuzima mawasiliano yako yote na walio nyuma. (Na hilo dera lishikwe lisifike kwa cheni na spoki, hilo ni somo lingine lakini siwezi kulitaja dera nikanyamaza.) Kanuni za pikipiki za 2015 za NTSA, mamlaka yetu ya usafiri na usalama barabarani, zinataka wewe na abiria wako wote wawili muwe na helmeti na rifleka, mnunulie yake mkeo, iwe inang'aa kweli si ile imefifia imekuwa ya kijivu, kwa sababu mgongo wake ndo kitu kikubwa zaidi ambacho dereva wa nyuma anakiona.

Kuna pia upande. Indiketa si ya aliye nyuma peke yake. Kuna lori lililo ubavuni mwako, dereva amekaa juu kule anakuangalia kwa kuinamisha macho, kuna matatu inataka kuchomoka kutoka steji. Ile ya pembeni kioo chake kimezunguka, ukiiangalia kutoka karibu na ubavu bado waiona. Ile ya ndani imezama katikati ya madigadi na keria, ukitoka kidogo tu nyuma ya pikipiki ishapotea. Wewe unayepita Changamwe kwa yale matrela ya bandarini nadhani hili sina haja ya kulirefusha.

Sasa kuwa na haki, si kila taa yenye indiketa ndani ni mbaya. Skuta kubwa kubwa zinatoka kiwandani hivyo, lakini angalia nyuma yake, pana kama kiti cha sofa, indiketa zimewekwa kwenye ncha mbili na katikati kuna nafasi ya breki. Aliyeichora alipima, na ikapita ukaguzi wa nchi ilikotengenezwa. Shida yetu ni hii ya kuchukua kitu chembamba kilichotengenezwa kuwa pambo, kufunga kwenye pikipiki ambayo haikuchorewa kitu hicho, alafu kutoa kile cha asili.

Tuje kwa kufunga sasa, manake najua bado waitaka hiyo taa na sikulaumu, taa ya breki ya LED ina faida yake ya kweli. Balbu ya waya huchukua muda kidogo kupata moto ndo ing'ae, LED inawaka papo hapo, na huyo wa nyuma yako akiwa kwa kasi ya 80 anakula mita 22 kila sekunde, kwa hivyo hata nukta ndogo ya muda ina maana. Pia LED inavumilia mtetemeko wa barabara mbovu kuliko ule uzi wa balbu unaokatika. Chukua yenye kioo chekundu au cheupe, achana na cheusi. Nyuma yake utakuta kwa kawaida waya tano, moja ya ardhi (hasi), moja ya taa ya kawaida, moja ya breki, na mbili za indiketa. Rangi zake usiziamini, kila mtengenezaji na zake, zijaribu moja moja kwa betri ukiwa na fyuzi. Zile tatu za kwanza unganisha. Zile mbili za indiketa mimi huzikata fupi, nikazifunga tepu kila moja peke yake nikaziacha. Kuna mafundi wanaziunganisha pamoja na za pembeni ziwake zote, haitakuua, lakini baadhi ya hizi taa indiketa ya ndani ikiwaka inapunguza nusu ya breki, na mimi breki yangu nataka itulie kamili.

Ukifanya hivyo na ukaacha balbu zako za watt 10 za pembeni, flasha yako, kile kifaa kinachopepesa indiketa, haitabadilika. Lakini ukitoa balbu ukaweka LED, utaona indiketa imeanza kupepesa mbio kama ina wazimu, au imewaka ikakwama. Hiyo si taa mbovu. Flasha ya zamani inapima umeme unaopita, imezoea balbu mbili za watt 10, ikiona LED za watt moja moja inadhani balbu imekatika. Dawa ya bei rahisi ambayo utauziwa ni risista, ile ya dhahabu dhahabu, inayokula umeme bure ili kuidanganya flasha. Inafanya kazi, ila inapata moto kiasi cha kuyeyusha waya na plastiki ikigusa, na pikipiki yako umeme wenyewe ni wa kuhesabu. Nunua flasha ya LED, ya elektroniki, hiyo haijali mzigo. Mwendo mzuri wa kupepesa ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, lenga 90 hivi. Ikiwa polepole sana dereva anayetupa jicho mara moja anaweza kukukuta uko kwenye sehemu ya giza, ikiwa mbio sana inaonekana kama taa inayotetemeka kwa shimo.

Kitu kingine kitakachokusumbua ukihamia LED zote nne, na hapa mafundi wengi huanza kubadilisha vitu ovyo. Unawasha kulia, zinawaka zote, kulia na kushoto. Baadhi ya pikipiki zina kataa (taa ndogo) kamoja tu kwenye dashi ka kuonyesha indiketa, kamefungwa kati ya waya wa kushoto na waya wa kulia. Ukiwasha kulia umeme unapita kwenye hako kataa unaingia upande wa kushoto kutafuta ardhi. Zamani balbu za kushoto zilikuwa nzito, huo umeme mdogo ulipita bila kuziwasha. LED ni nyepesi, zinawaka na hicho hicho kidogo. Dawa ni dayodi mbili, vile vifaa vidogo vya kupitisha umeme upande mmoja tu, hizi 1N4007 za maduka yote ya vifaa vya redio, moja kutoka waya wa kulia moja kutoka wa kushoto, zote zielekee kwenye hako kataa, alafu mguu wake wa pili uende ardhini. Nakutajia hili kwa sababu indiketa inayosema kulia na kushoto kwa wakati mmoja ni hatari kuliko kutokuwa nayo, watu wataona kama umesimama na emagensi.

Hewa yetu nayo. Chumvi. Hapa kwetu konekta isiyozibwa miezi michache tu ndani kuna kutu ya kijani, umeme unapita kwa shida, taa inafifia na wewe unalaumu LED. Kila mahali unapounganisha, tia solda, paka grisi kidogo, ziba na ile bomba ya kusinyaa kwa moto, si selotepu ya dukani ambayo kwa joto la hapa gundi inatoka na kuacha waya uchi. Waya wa ardhi upeleke wenyewe hadi kwenye fremu iliyokwanguliwa rangi au moja kwa moja kwa betri, robo tatu ya taa "mbovu" ninazoletewa ni ardhi tu. Na taa ukiona ndani imeanza kuwa na matone ya maji wakati wa masika, itoe uikaushe uizibe upya siku hiyo hiyo. LED mara nyingi zimefungwa tatu tatu kwa mstari, moja ikifa zinazima zote tatu, na kwenye indiketa ndogo ya ndani tatu waweza kukuta ndo nusu ya upande mzima.

Sasa shida yako ya kwanza kabisa, kuvunjika, ambayo ndo ilikufanya uende kwa huyo jamaa. Hiyo ina dawa na haihitaji kutoa kitu. Tafuta indiketa zenye shingo ya mpira laini, zinapinda zikigongwa zinarudi, kule ferry watu wakikusukuma hazina habari. Angalia mpira wenyewe, uubonyeze mpaka uguse, ukiachia urudi bila ufa, ule mgumu wa plastiki uliopakwa mpira uuache. Lenzi iwe ya njano au LED yenyewe iwe ya njano, usichukue zile nyembamba kama kidole, chukua zenye uso mpana wa kutosha. Alafu zisogeze, wengi wanazifunga karibu na namba pleti ambapo kila mguu wa abiria anayepanda unazikanyaga. Zifunge chini ya keria kwenye chuma chake, pembeni, juu kidogo ya kisigino cha abiria, na upime kwa rula, kutoka katikati hadi katikati usiende chini ya sentimita 23, ukipata 30 ni bora zaidi. Zisitokeze zaidi ya upana wa usukani wako, mahali usukani umepita na zenyewe zitapita.

Na mkono usiusahau. Mchana, ukikata kulia, baada ya kuwasha indiketa nyoosha mkono wa kulia kabisa kabla hujaanza kuhama, mkono wa mtu hakuna jua linaloumeza. Geuza shingo, si kioo peke yake, uangalie hiyo nafasi ya kulia kama kuna mtu ashaingia. Washa mapema, sekunde tatu nne kabla ya breki, kwa sababu hizo sekunde ndo pekee ambazo indiketa yako iko bila taa nyekundu ubavuni mwake. Ukimaliza kona izime, pikipiki zetu hazijizimi zenyewe kama gari, na ukiiacha kuna mtu atachomoka kwenye njia ya pembeni akijua unaingia. Kuna baza ndogo inauzwa, inalia kila indiketa ikipepesa, unganisha hiyo, kwa kelele za barabara ya Malindi utaihitaji.

Zile indiketa zako zilizovunjika usimuachie muuza spea azitupe. Ikiwa ni shingo tu zimekatika na holda ni nzima, hizo zafungwa kwenye shingo mpya ya mpira na unabaki na balbu zako na flasha yako ile ile. Ukishafunga, mwambie mkeo apande na dera lake kama asubuhi ya kawaida, mwenzako ashike usukani, breki na indiketa ya kulia, wewe urudi nyuma hatua sitini, mara moja mchana mara moja usiku, alafu uniandikie umeona nini.